Wasomaji Wauliza: Chupa Iliyobonyea, Kibaba cha Bibi na Mawe Yanayopungua Uzito

Barua nilizozipokea safari hii zimetoka Malindi na visiwa vya Lamu, na ijapokuwa walioziandika hawajuani, karibu wote wamekumbana na jambo moja. Kila mmoja amepima kitu, akaona kipimo hakikubaliani na alivyotarajia, na sasa anataka kujua aliyekosea ni yeye au ni kitu chenyewe. Kemia huanzia hapo hasa, kwa hiyo nimezijibu kwa furaha. Naomba kwanza tukubaliane juu ya maneno matatu. Maada ni kila kitu chenye tungamo na kinachochukua nafasi. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, nacho hupimwa kwa gramu na kilo. Sokoni tunakiita uzito, nami katika kurasa hizi nitafuata desturi ya soko. Ujazo ni ukubwa wa nafasi ambayo kitu kimeishika, nao hupimwa kwa lita na mililita. Wasomaji wangu wengi wameuchukua ujazo wakaufanya tungamo, na humo ndimo mlimozaliwa maswali yao.

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Niliporudi nyumbani kutoka Nairobi kwa basi nilikuwa na chupa ya plastiki ya maji ya lita moja. Nilikunywa nusu yake kabla hatujaondoka, nikaifunga barabara. Tulipofika Malindi nikaikuta mkobani imebonyea pande zote kana kwamba mtu ameikalia, na nilipofungua kifuniko ilivuta hewa kwa sauti, kisha ikarudi kama ilivyokuwa. Hewa iliyokuwamo ilitorokea wapi? — *Mwanafunzi wa kidato cha pili, Malindi*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hewa haikutoroka hata kidogo. Hewa uliyoifungia Nairobi ndiyo uliyofika nayo Malindi, molekuli kwa molekuli, na lau ungekuwa na mizani ya kutosha ungeliona tungamo lake halikubadilika. Kilichobadilika ni nafasi iliyoishika.

Gesi ni molekuli zilizotawanyika mbali mbali, zinazokwenda mbio kila upande bila ya kutulia. Kila zinapogonga ukuta wa chombo huusukuma, na jumla ya misukumo hiyo midogo isiyohesabika, ikigawanywa kwa eneo la ukuta, ndiyo tunayoiita shinikizo. Chupa yako ilikuwa ikisukumwa kutoka ndani na hewa uliyoifungia, na kutoka nje na hewa ya dunia. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, kwa hiyo hewa iliyorundikana juu yake ni chache kuliko iliyo juu yetu sisi wa pwani. Shinikizo lake huwa karibu kilopaskali 83, ilhali huku ufukweni ni karibu 101. Ulipokuwa ukiteremka, msukumo wa nje uliongezeka mji baada ya mji, na kwa kuwa plastiki ni laini, kuta za chupa zilikubali kuingia ndani hadi hewa iliyofungwa ikabanwa kiasi cha kuweza kujibu msukumo ule.

Robert Boyle aliieleza kanuni hii mwaka 1662: halijoto isipobadilika, shinikizo la gesi likizidishwa kwa ujazo wake hutoa jibu lile lile daima. Wewe ulifungia mililita 500 za hewa. Zidisha 500 kwa 83, kisha gawa kwa 101, utapata mililita 411 hivi.

Hata hivyo halijoto nayo ilibadilika, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Tuseme Nairobi ilikuwa nyuzi 22 za Selsiasi na Malindi nyuzi 30. Jacques Charles wa Ufaransa aligundua katika miaka ya 1780 kwamba gesi hupanuka kwa uwiano wa halijoto yake shinikizo likiwa halibadiliki, na Gay-Lussac akalichapisha jambo hilo mwaka 1802. Mwanafunzi mwenye haraka atagawa 30 kwa 22 na kusema hewa imepanuka kwa zaidi ya theluthi. Hesabu hiyo haina maana, kwa sababu sifuri ya Selsiasi imewekwa pale maji yanapoganda, na kuganda kwa maji hakuihusu hewa ya chupani. Lazima tuanze kuhesabu kutoka sifuri ya kweli, ambayo chini yake hakuna baridi zaidi, nayo iko nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kipimo kinachoanzia hapo kinaitwa Kelvin, kwa heshima ya yule aliyekipendekeza mwaka 1848. Nairobi basi ilikuwa Kelvin 295 na Malindi 303. Gawa 303 kwa 295, utaona ongezeko ni chini ya asilimia tatu tu. Mililita 411 zinakuwa 422.

Usiniamini kwa maneno. Rudia safari yako, na ukifika usiifungue chupa. Jaza ndoo maji mpaka ukingoni, iweke ndani ya beseni kubwa, kisha izamishe chupa yote polepole na uyapime maji yaliyomwagika beseni. Yatakuwa na ujazo sawa na chupa iliyobonyea: mililita 500 za maji ya kunywa pamoja na 422 za hewa, yaani 922, na juu yake kidogo kwa unene wa plastiki. Ukipata 940 au 950 usijione umeshindwa, kwa sababu plastiki ina ukaidi wake na haikubali kubonyea kiasi chote ambacho hesabu inakitaka. Tofauti hiyo ina sababu, na kuitafuta sababu yake ni kazi bora kuliko kulirekebisha jibu ili lifanane na kitabu.

Swali: Mwalimu, bibi yangu aliniachia daftari la mapishi ambamo kila kitu kimeandikwa kwa vibaba na pishi. Nataka kuyaandika upya kwa gramu. Mtu mmoja ameniambia kibaba ni chini ya nusu kilo, mwingine amesema ni karibu robo tatu kilo, na wote wawili ni watu wazima ninaowaheshimu. Nimfuate nani? — *Muuza vyakula, Malindi*

Jibu: Yawezekana wote wawili wamesema kweli, mmoja akiwa amepima unga na mwingine sukari. Pishi moja ni vibaba vinne, hilo halina mjadala. Lakini kibaba ni kipimo cha ujazo, na gramu ni kipimo cha tungamo, kwa hiyo hakuna namba moja itakayogeuza hiki kuwa kile mpaka utaje kitu chenyewe. Wazee wetu walilijua hili vizuri. Methali inasema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hujazwa, hakitiwi mizani.

Kinachounganisha ujazo na tungamo ni densiti, yaani gramu ngapi zimo katika kila mililita ya kitu. Maji baridi ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi yana karibu gramu moja kwa mililita, nayo ndiyo ufunguo wako. Kichukue kibaba cha bibi, kipime kitupu, kijaze maji mpaka ukingoni, kipime tena, utoe. Tuseme tofauti ni gramu 800. Basi kibaba chako kina mililita 800. Usitumie maji ya bahari, kwa sababu yana chumvi ya karibu gramu 35 katika kila kilo na lita yake moja ina uzito wa gramu 1,025 hivi. Sasa kibaba hicho hicho kikijazwa mafuta ya nazi, ambayo densiti yake ni karibu 0.92, kitakupa gramu 740 hivi. Kikijazwa asali, kwa densiti ya 1.4, kitapita kilo moja na gramu mia. Sukari ya chengachenga ikiwa na 0.85 hivi itatoa karibu gramu 680, na unga wa ngano uliochekechwa utatoa pengine 440.

Nasema pengine kwa unga kwa sababu unga ni mgumu kuliko vyote. Ndani ya kibaba cha unga mna hewa nyingi baina ya chembe, na ukikigongagonga kibaba mezani hewa hiyo hutoka, unga hushuka, ukaongeza mwingine juu. Je, bibi alikuwa akikifuta kibaba kwa kijiti ukingoni, au alikiacha na kilima juu? Hilo daftari halitakuambia. Muulize shangazi au yeyote aliyesimama naye jikoni. Kisha pima kila kitu mara tatu kwa namna ile ile aliyoipima yeye, na uchukue wastani.

Nakuomba jambo moja zaidi. Ikiwa mizani yako inaonyesha gramu tano tano, usiandike gramu 681.3 kwa kuwa kikokotoo kimekupa hivyo. Tarakimu unazoziandika ni ahadi kwa msomaji kwamba umeziona, na mizani yako haikuziona. Andika 680. Dunia imehangaika sana kwa ajili ya kilo moja tu: tangu mwaka 1889 kilo ilikuwa ni mche mmoja wa madini ya platinamu na iridiamu uliohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris, na ilipodhihirika kwamba mche huo na nakala zake zilikuwa zikitofautiana kidogo kidogo kwa miaka, wataalamu waliamua kuiachia kilo isimame juu ya namba ya asili isiyobadilika, ambayo ni namba thabiti ya Planck. Uamuzi huo ulianza kutumika tarehe 20 Mei 2019. Kibaba cha bibi yako kina tatizo lile lile: ni chombo kimoja, kikipotea kimepotea. Ndiyo sababu nakuhimiza ukipime leo.

Swali: Mwezi wa saba, wakati wa kusi, mafuta yangu ya nazi yaliganda chupani na kuwa meupe. Je, yameharibika? — *Msomaji wa Shela, Lamu*

Jibu: Hayakuharibika. Mafuta ya nazi huyeyuka na kuganda kwenye nyuzi 24 au 25 za Selsiasi, na asubuhi za kusi zinaweza kufika hapo. Molekuli ni zile zile. Zimepunguza mwendo na kushikana tu. Ukiipima chupa utakuta tungamo halikubadilika, lakini utaona juu pameingia shimo dogo, kwa sababu mafuta hunywea yanapoganda. Yaweke juani kidogo.

Swali: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi najifunza ufundi wa uashi kwa mzee mmoja hapa Lamu. Tunapochoma mawe kwa ajili ya chokaa, mawe yanayotoka tanurini yanakaribia kuwa na ukubwa ule ule kwa macho, lakini ukiyabeba ni mepesi mno. Mzee wangu anasema moto umeyala. Shuleni nilifundishwa kwamba maada haipotei. Nisingependa kumbishia mzee, lakini pia sitaki kukaa na shaka. — *Mwanagenzi wa uashi, Lamu*

Jibu: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu jambo unalolifanya kwa mikono kila siku ndilo lililoifundisha dunia kwamba hewa si kitu kimoja.

Mawe ya matumbawe yaliyojenga mji wetu wa kale, huu ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, yaliumbwa na viumbe wa baharini, na kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Kila fungu moja la kalsiamu kabonati limeundwa kwa atomu moja ya kalsiamu, moja ya kaboni na tatu za oksijeni. Kalsiamu ina uzito wa 40, kaboni 12, na oksijeni 16 mara tatu ambazo ni 48. Jumla yake ni 100 kamili. Jiwe likipata moto wa nyuzi 900 hivi, fungu hilo huvunjika: kaboni huondoka na oksijeni mbili, wakawa gesi ya kabonidioksidi yenye uzito wa 44, na kalsiamu hubaki na oksijeni moja, ikawa chokaa kali yenye uzito wa 56. Kwa hiyo kilo 100 za jiwe safi na kavu huacha kilo 56 za chokaa. Mawe yenu hayawi safi wala makavu kabisa, kwa hiyo usishangae ukipata namba tofauti kidogo, hasa ikiwa yalinyeshewa kabla ya kuchomwa.

Kilo 44 zilizobaki ziko wapi? Zimepaa juu pamoja na moshi wa kuni, na kwa kuwa kabonidioksidi haina rangi, hakuna aliyeziona zikiondoka. Tuzipime. Wanakemia huhesabu molekuli kwa kizio kiitwacho moli, na moli moja ni molekuli 602,214,076,000,000,000,000,000. Ni namba ndefu, lakini kazi yake ni nyepesi kama kazi ya neno dazani. Moli moja ya kabonidioksidi ina gramu 44, kwa hiyo kilo 44 ni moli 1,000. Sasa sikiliza jambo la ajabu lililopendekezwa na Avogadro mwaka 1811: gesi yoyote ile, iwe nzito au nyepesi, kwa halijoto na shinikizo lile lile, idadi sawa ya molekuli hushika ujazo sawa. Kwenye nyuzi 30 usawa wa bahari, moli moja hushika karibu lita 25. Moli 1,000 basi ni lita 25,000, ambazo ni mita za ujazo 25. Fikiria chumba cha nyumba ya kale ya Lamu, ambacho upana wake hauzidi mita tatu kwa kuwa boriti za mkoko hazikubali zaidi. Kipe urefu wa mita tatu na kimo cha karibu mita tatu. Gesi iliyokuwa imefungwa ndani ya kilo 100 za mawe yenu ingelikijaza chumba hicho chote, toka sakafu mpaka dari.

Mtu wa kwanza kulifuatilia jambo hili kwa mizani alikuwa Joseph Black wa Scotland, aliyechapisha kazi yake mwaka 1756. Alipima kabla ya kuchoma na baada ya kuchoma, akaona upungufu, na badala ya kuridhika kwamba moto umekula, aliutafuta ule uliopungua, akaikuta gesi ambayo si hewa ya kawaida, akaiita hewa iliyofungika. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 1789, Lavoisier aliiandika waziwazi katika kitabu chake kanuni kwamba katika mabadiliko yote ya kikemia jumla ya tungamo haiongezeki wala haipungui. Kwa hiyo mwalimu wako alisema kweli. Mzee wako naye ameona kwa usahihi kile ambacho mkono wake ulimwambia, kwamba jiwe limepungua. Amekosa tu kuiona njia iliyotokea.

Na kazi haikuishia tanurini. Mnapoimwagia chokaa kali maji, ikachemka na kutoa mvuke, kila kilo 56 hushika kilo 18 za maji zikawa 74, na joto mnaloliona ni joto la muungano huo. Tafadhali fanyeni hivyo mkiwa mmefunika macho, kwa sababu tone moja la chokaa hiyo linaweza kumpofusha mtu. Kisha chokaa iliyozimwa, ikishapakwa ukutani, huanza taratibu kuivuta kabonidioksidi kutoka hewani na kuyaachia maji: 74 na 44 zinatoa 100 za jiwe na 18 za maji. Ukuta unarudi kuwa kalsiamu kabonati, kitu kile kile kilichochimbwa. Kazi hii huenda polepole, kutoka nje kwenda ndani, ndiyo maana mafundi hodari hawapaki tabaka nene kwa mara moja.

Ukitaka kumwonyesha mzee wako kwa adabu, koroga kijiko cha chokaa iliyozimwa ndani ya maji, iache itulie usiku kucha, kisha uyamimine maji ya juu yaliyo maangavu ndani ya gilasi. Puliza pumzi ndani yake kwa mrija bila ya kuyanywa. Baada ya muda mfupi yatageuka kuwa meupe kama tui. Weupe huo ni jiwe, limezaliwa kutokana na chokaa yake na pumzi yako.

Swali: Mimi nakaanga mahamri na viazi karai vya kuuza asubuhi. Mtungi wangu wa gesi wa kilo 13 huniishia ghafla kabla ya alfajiri. Nikanunua geji ya kupima presha, nayo inaonyesha pale pale kila siku mpaka siku gesi inapokwisha. Je, geji ni mbovu? — *Mama muuza mahamri, Langoni, Lamu*

Jibu: Geji ni nzima, mama, umeipa kazi isiyo yake. Ndani ya mtungi wako hamna gesi tupu. Kilichomo kwa sehemu kubwa ni kiowevu, mchanganyiko wa propani na butani zilizoshindiliwa mpaka zikawa kama maji, na juu yake pana nafasi ndogo ya gesi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo katika joto letu la pwani kiowevu hicho kina hamu kubwa ya kuwa gesi. Unapofungua jiko na gesi ya juu ikatoka, kiowevu kidogo huchemka na kuijaza nafasi iliyoachwa, na shinikizo linarudi lilipokuwa. Shinikizo hilo huamuliwa na halijoto pamoja na aina ya kiowevu, wala haliamuliwi na wingi wake. Madhali limebaki tone, geji itakuambia lile lile, au itashuka kidogo sana. Kanuni ya Boyle niliyomweleza mwanafunzi wa Malindi haianzi kufanya kazi hapa mpaka kiowevu kiishe chote, na wakati huo mahamri yako yamo karaini tayari.

Dawa yake ni mizani. Juu ya mtungi pamepigwa chapa uzito wake ukiwa mtupu. Ikiwa chapa inasema kilo 14.2 na mizani inasema 18.7, umebakiwa na kilo 4.5. Azima mizani ya jirani mwenye duka kila baada ya siku chache, na baada ya mwezi utajua unatumia gramu ngapi kwa siku.

Ukikaanga kwa moto mkali muda mrefu, utauona mtungi unapoa na kutoka jasho sehemu ya chini. Kiowevu hukopa joto ili kigeuke gesi, kama vile maji yanayopenya kwenye ngozi ya mtungi wa udongo yanavyokopa joto na kuyaacha maji ya ndani yakiwa baridi. Mstari wa jasho huo unaonyesha kiowevu kimefika wapi, na huo ni upelelezi mzuri wa dharura.

Jambo la usalama siwezi kuliruka. Molekuli za gesi hii zina uzito wa 44 na 58, na hewa kwa wastani ina 29. Gesi ikivuja hailekei darini. Hushuka, ikatambaa sakafuni na kujikusanya pembeni na chini ya meza, mahali ambapo pua haifiki upesi. Kilo 13 zikigeuka gesi zote hushika zaidi ya mita za ujazo tano, nusu nzima ya chumba kidogo. Chunguza viungo vya mpira kwa povu la sabuni, usichunguze kwa kiberiti kamwe, na ukisikia harufu fungua milango kabla ya kugusa swichi yoyote.

Swali: Mwalimu, mimi nazamia kamba na pweza kwa pumzi yangu. Mbona masikio huniuma sana katika pima za kwanza, kisha nikizidi kushuka maumivu hayaongezeki kwa kasi ile? Na ndugu yangu anayezamia kwa mtungi wa hewa ameonywa asizuie pumzi anapopanda. Kwa nini mimi nizuie na yeye asizuie? — *Mvuvi wa Kizingitini*

Jibu: Pima moja ni mita 1.8 hivi. Kila unaposhuka mita kumi, sawa na pima tano na nusu, maji ya bahari huongeza juu yako shinikizo linalokaribia lile la hewa yote ya dunia. Juu ya maji una shinikizo moja, mita kumi mawili, mita ishirini matatu, mita thelathini manne. Hewa ya mapafuni, kama ilikuwa lita 6 juu, inakuwa 3 kwenye mita kumi, kisha 2 kwenye ishirini, kisha 1.5 kwenye thelathini. Tazama namba hizo: mita kumi za kwanza zimekunyang'anya lita tatu, na kumi zinazofuata lita moja tu. Hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio hupungua kwa mtindo huo huo, kwa hiyo kazi kubwa ya kusawazisha masikio iko karibu na uso wa maji. Sawazisha mapema, tangu pima ya kwanza, wala usingoje maumivu yakuambie; kiwambo kinaweza kupasuka.

Wewe ulivuta pumzi yako juu. Ukirudi juu, lita zako sita zinarudi kuwa sita, hazizidi. Ndugu yako anavuta akiwa chini, na mtungi wake humpa hewa iliyoshindiliwa kwa shinikizo la kina kile. Akijaza lita 6 kwenye mita kumi, akafunga koo na kupanda, zinataka kuwa lita 12 ndani ya kifua kisichoweza kuzibeba, na mapafu huchanika. Hatari hiyo imo hata katika mita chache za mwisho, kwa sababu ile ile iliyoyaumiza masikio yako. Apande polepole akipumua wakati wote, pia kwa ajili ya naitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake kwa nguvu ya shinikizo. Akipanda kwa kasi hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla.

Na kwa kuwa umeniuliza pembeni ya barua yako kama hewa ina uzito au haina, mwambie akauweke mtungi wake juu ya mizani ya samaki kabla ya kuzama na baada ya kutoka. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa moja ni karibu shinikizo moja la hewa ya juu ya maji) umebeba hewa ambayo huku juu ingelishika lita 2,400 hivi. Atakaporudi nao ukiwa karibu mtupu, utakuwa umepungua kilo mbili na nusu au zaidi, na chote kilichopungua ni hewa aliyoipumua.